Chapeo ya Kinormani na jino lililomeguka: kinga ya uso ilishindwa wapi?

Kinga ya uso, yaani grili ya fito za chuma iliyofungwa mbele ya chapeo, ilikuwa nzima. Hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kistahili kuandikwa kwa urefu. Fito za chuma hazikupinda, viungo vya kuchomelea havikuachia, hakuna tundu lililopitisha kitu, na bado mwenye chapeo alitoka uwanjani mdomo umepasuka na jino la mbele limemeguka pembe. Waliokuwa karibu naye walisema fito zake ni nyembamba, akaongezewe chuma. Angempelekea chapeo fundi yeyote mwenye haraka, ushauri huo ungefuatwa na ungemuumiza zaidi.

Mwenyewe ni kijana aliyezaliwa Eldoret akakulia Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Anashiriki mapigano ya kuigiza zama za kati ndani ya Society for Creative Anachronism, chama kilichoanzia Berkeley, California, mwaka 1966. Wanachama wake hushona, hupika, hufua chuma na kupigana kwa namna za Ulaya ya kabla ya karne ya 17. Panga zao za mapigano mazito si za chuma. Ni fimbo za henzerani zenye kipenyo kisichopungua milimita 31.75, zilizovishwa tepu, na pigo lake si la maigizo hata kidogo: linapigwa kwa nguvu, na kichwa ni shabaha halali. Kila kiangazi watu zaidi ya 10,000 hukusanyika karibu na Slippery Rock, Pennsylvania, kwenye mkutano uitwao Pennsic War ambao umekuwapo tangu 1972. Kijana alikuwa anajiandaa kwenda huko.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kazi nilijifunza Mwanza kwa kutengeneza mageti na grili za madirisha, na hapa Marekani naendelea nayo. Aliniletea chapeo pamoja na fito mbili alizonunua dukani. "Mzee, niongezee hizi tu hapa mbele," akaniambia. Nikamwomba aivae kwanza.

Chapeo yenyewe

Ni chapeo ya mtindo wa Wanormani, watu wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa: koni ya bati la chuma la milimita 1.9, ukingo ulioimarishwa kwa mkanda wa chuma uliopigwa ribiti, na ulimi wa chuma unaoshuka mbele ya pua. Umbo hili limejaa kwenye kitambaa cha Bayeux, ule mtarizo wenye urefu wa karibu mita 70 unaosimulia uvamizi wa Uingereza wa mwaka 1066. Ndani ya kitambaa hicho mna tukio ambalo mimi nalipenda kuliko mengine yote. Uvumi umeenea vitani kwamba William, kiongozi wa Wanormani, ameuawa, naye anainua chapeo yake kwa mkono ili askari wake wauone uso wake. Tukio hilo linatuambia kwamba ulimi ule mmoja, pamoja na kofia ya deraya ya pete (pete ndogo za chuma zilizosukwa kama wavu) iliyofunika shingo na mashavu, ulitosha kumficha mtu asitambulike. Linatuambia pia kwamba chapeo ya aina hii iliweza kusukumwa kwa mkono ikageuka ikiwa bado kichwani. Hili la mwisho likumbukwe.

Kijana aliinunua kwa mtu aliyekuwa akiitumia kwenye maonyesho ya vita. Vikundi vingi vinavyoigiza vita vya karne ya 11 kwa panga butu za chuma vinakataza kabisa kupiga usoni. Uso unabaki wazi kama ulivyokuwa wazi mwaka 1066, na kinachoulinda ni sheria na mazoezi ya washiriki. Kwa mchezo ule, chapeo hii haikuwa na kasoro. Ndani yake mlikuwa na kofia ya ngozi iliyoning'inizwa kwenye ukingo, na kamba moja nyembamba ya kufungia chini ya kidevu. Ilitosha, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiigonga kutoka mbele.

Mchezo ukabadilika. Chapeo ikahamia mahali ambapo mtu anaruhusiwa kukulenga usoni kwa fimbo nene kama mpini wa jembe, na ikahamia bila kuguswa popote isipokuwa sehemu moja: uso. Fundi fulani aliifungia grili. Nilipoikagua nilikuta kazi safi. Fito zilikuwa na kipenyo cha milimita 4.8, ndicho kipimo cha chini cha chama. Matundu yote yalikataa kupitisha kijiti cha duara cha milimita 25.4, ndicho kipimo ambacho wakaguzi hutembea nacho mfukoni. Grili ilishuka chini ya kidevu kwa zaidi ya milimita 25.4, kama inavyotakiwa mtu akiwa amesimamisha kichwa wima. Ncha za fito zilikaa nje ya ukingo, wala hazikuingia ndani. Jambo hilo ni zuri, maana ufito uliochomelewa kwa ndani, kiungo kikiachia, hakuna kitu cha kuuzuia usifike kwenye shavu. Ule uliolala nje unaegemea ukingo wenyewe.

Siku ya pigo

Ilikuwa mazoezi ya kawaida. Mpinzani wake alikuwa mfupi kuliko yeye, na pigo lilikuja likipanda, likatua kwenye nusu ya chini ya grili. Kijana alisikia chuma kikigonga meno. Baada ya hapo hakumbuki zaidi ya ladha ya damu.

Nilichukua chapeo nikaiweka mezani chini ya taa. Uchunguzi wa namna hii huanza kwa kutafuta alama. Nje, kwenye ufito wa tano kutoka juu, tepu ya fimbo ilikuwa imeacha mchirizi. Ndani, ufito huohuo na ule wa juu yake vilikuwa na madoa ya damu iliyokauka. Nilipitisha rula kwenye kila ufito kutafuta mpindo, sikuona wowote. Nikavigonga viungo vyote kwa nyundo ndogo nikisikiliza, vyote vikalia sauti ya chuma kizima. Nilipogeukia ndani ndipo mambo yakaanza kusema. Kofia ya ngozi ilikuwa imelegea upande wa nyuma. Mahali pa kipaji cha uso palikuwa na kipande cha sponji ya godoro, ile laini, kilichobonyea kikawa chembamba kama kitambaa. Kamba ya kidevu ilifungwa sehemu mbili tu, karibu na masikio, na tundu lake moja lilikuwa limevutika likawa refu.

Kama fito zingekuwa nyembamba mno, zingepinda. Kama kazi ya kuchomelea ingekuwa mbovu, ingepasuka. Grili ilifika mdomoni ikiwa na umbo lake kamili. Maana yake ni kwamba chapeo nzima ilizunguka kichwani na kuibeba grili mpaka kwenye meno.

Akaivaa nikiwa mbele yake. Nikaweka kiganja kwenye sehemu ya chini ya grili, nikasukuma taratibu kuelekea kidevuni. Grili iliingia bila upinzani wowote mpaka ikagusa mdomo, na nyuma, ukingo wa chapeo ukapanda juu ya kisogo kiasi cha vidole viwili. Kichwa chake hakikutikisika hata kidogo. Kisa kilikuwa kimejieleza, na sikuwa nimetumia hata nguvu ya kufungua mlango.

Hesabu ya mzunguko

Grili iliyofungwa kwenye chapeo yenye uso wazi ni wenzo. Kutoka ukingo ulio juu ya nyusi mpaka kidevuni ni kama sentimita 13 kwa mtu mzima, na ukiongeza sehemu inayotakiwa kuteremka chini ya kidevu unapata kama sentimita 16 za chuma kinachoning'inia. Pigo likitua chini kabisa, chapeo hujaribu kuzunguka: chini kwa mbele panaingia ndani, utosi unakwenda mbele, kisogo kinainuka. Sehemu ya grili iliyo mbele ya mdomo iko sentimita 12 hivi chini ya ukingo. Chapeo ikizunguka nyuzi 15 tu, sehemu hiyo inasogea sentimita 3. Nafasi aliyokuwa nayo kati ya mdomo na fito ilikuwa sentimita 2 na nusu, na bado sponji ya godoro ilikuwa imeipunguza.

Kamba ya kidevu iliyofungwa karibu na masikio haizuii mzunguko huo, kwa sababu imekaa karibu kabisa na mhimili ambao chapeo inazungukia. Inazuia chapeo isiruke juu, basi. Kinachozuia kisogo kisiinuke ni kamba inayovuta kutoka nyuma. Tazama helmeti nzuri ya mwendesha baiskeli: mikanda yake inashuka mbele na nyuma ya sikio, inakutana chini yake, ndipo inakwenda kidevuni. Ile ya nyuma haipo kwa urembo.

Kwa hiyo kinga ya uso inashikiliwa na kisogo. Mtu anayefunga grili nzuri mbele na kuiacha nyuma ya chapeo kama ilivyokuwa amemwekea mwenzake chuma kigumu mbele ya meno, na kukiachia nafasi ya kusafiri. Sheria za chama zinalijua hili kwa namna yake. Zinataka mkanda wa kidevu wenye upana wa angalau milimita 12.7, na zinasema waziwazi kwamba chapeo kubana kichwa hakuwezi kuhesabiwa badala ya mkanda. Lakini kipimo cha kidevu huchukuliwa mtu akiwa amesimama wima, na kijana huyu akiwa wima alikuwa salama kabisa.

Sasa zile fito mbili za ziada. Mita moja ya ufito wa milimita 4.8 ina uzito wa gramu 140 hivi. Grili yake ilikuwa imetumia kama mita tatu na nusu, maana yake nusu kilo ilikuwa imeshaongezwa mbele ya kichwa, mahali ambapo chapeo ya asili haikuwa na kitu zaidi ya ulimi wa pua. Ni kweli kwamba chapeo nzito husogea polepole zaidi inapopigwa, na wapo wapiganaji wanaotaka uzito kwa sababu hiyo. Ila uzito huo uenee kote. Ukiurundika mbele unaivuta chapeo iiname, unaipunguza nafasi ya mdomo hata kabla ya pigo, na unachosha shingo ya mtu ambaye baada ya saa moja ya jua la Agosti ameshaanza kuangusha kichwa.

Wala ufito mnene si lazima ndio uongeze ugumu. Ugumu wa ufito wa duara hupanda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne: kutoka milimita 3.2 kwenda 4.8 ugumu unaongezeka mara tano. Lakini urefu usioegemea popote una nguvu yake pia. Ukikata urefu huo kwa nusu kwa kuweka nguzo ya wima katikati, mpindo wa ufito uleule unapungua na kuwa sehemu moja ya nane ya ule wa awali. Ndiyo maana chama kinaruhusu fito za milimita 3.2 pale ambapo nafasi kati ya fito zinazokatiza haifiki milimita 50.8. Fundi aliyezoea grili za madirisha analijua hili mikononi hata kama hajawahi kuliandika: nguzo moja mahali panapofaa inashinda nondo tatu nene.

Tulichofanya

Kwanza nilitoa kila kitu kilichokuwa ndani. Ngozi na sponji havikai ndani ya chapeo inayochomelewa, na sponji ya godoro ikiungua inatoa moshi wa sumu. Kisha nikapitisha tupa kwenye ukingo. Tupa iliuma chuma vizuri, kwa hiyo ni chuma laini cha kawaida na kinaweza kuchomelewa. Ingeteleza kama kwenye kioo, ningejua chuma kimetiwa ugumu kwa moto na mafuta, na hapo moto wa kuchomelea ungeuharibu ugumu ule pembeni ya kila kiungo. Chapeo ya namna hiyo hufungiwa grili kwa ribiti au bolti. Nilikagua pia kama fito zilikuwa na zinki. Kuna watu wanachukua waya wa uzio uliopakwa zinki wakauchomelea, na moshi wake unamlaza fundi kwa homa usiku uleule.

Grili sikuing'oa. Nilikata viungo vya chini, nikaivuta mbele sehemu ya mdomo na kidevu mpaka nafasi ikawa sentimita 4 na nusu, nikaunga tena na kuongeza vipande vifupi pembeni. Kwa mtu wa kusoma hii ni sentensi moja, ila kwenye karakana ndiyo iliyokuwa kazi ndefu, kwa sababu fito zikivutwa mbele matundu ya pembeni yanapanuka, na kila tundu lilipaswa kupimwa upya kwa kijiti.

Ulimi wa pua ulinipa shida ya peke yake. Ulikuwa umekaa chini ya sentimita moja kutoka kwenye pua, ndani ya grili. Grili ingeweza kufanya kazi yake yote na ulimi ule bado ungevunja pua. Nilimpa chaguo la kuukata. Akakataa, akasema bila ulimi ule chapeo si ya Kinormani tena, na nilimwelewa. Basi niliukunja mbele taratibu, nikaunganisha ncha yake na fito mbili zinazokatiza. Sasa ulimi ni nguzo ya wima ya grili, hauwezi kurudi nyuma peke yake, na fito za eneo lile zimepata egemeo jipya bila kuongeza uzito.

Kwenye macho tuliondoa ufito mmoja wa mlalo na kuweka vipande viwili vya wima badala yake. Macho mawili yamekaa ubavu kwa ubavu. Ufito wa wima unaziba sehemu moja kwa jicho la kulia na sehemu nyingine kwa jicho la kushoto, na ubongo unaunganisha picha hizo mbili. Ufito wa mlalo ulio sawa na macho unaziba mstari uleule kwa yote mawili, na fimbo inayokuja kwenye mstari ule huioni mpaka imefika. Kijana alikuwa amezoea kuinamisha kichwa ili atazame chini ya ufito ule. Kila alipoinama, kidevu chake kilisogelea grili. Sidhani kama pigo lile lingempata vibaya kiasi kile kama angekuwa anatazama mbele.

Halafu nyuma, palipokuwa na tatizo lenyewe. Chapeo iliishia juu ya kisogo, shingo wazi. Nilikata bati la milimita 1.6, upana sentimita 20 na kimo sentimita 12, nikalifua juu ya bomba mpaka likafuata mviringo wa shingo, nikalipiga ribiti tano kwenye ukingo. Ncha ya chini niliikunja nje ili asichomwe mgongoni anapotazama juu. Bati hilo lina uzito wa gramu 300 hivi. Linakinga uti wa shingo, linasawazisha uzito wa grili, na zaidi ya hayo linatoa mahali pa chini, pa nyuma, pa kufungia mkanda.

Mkanda ni wa ngozi, milimita 20, wa ncha nne. Mbili zinatoka mbele ya masikio, mbili zinatoka kwenye bati la kisogo, zinakutana chini ya sikio na kuendelea mpaka kwenye kikombe kidogo cha ngozi kinachoshika kidevu. Hautakiwi kupita kooni, maana ukivutwa utamkaba. Bizimu, kile kifungo cha chuma cha mkanda, iko upande wa kulia, kubwa ya kutosha kufunguliwa na mkono uliovaa glavu, kwa sababu siku akianguka na kushindwa kupumua, atakayemfungua atakuwa mpinzani wake mwenye glavu za chuma.

Sponji ya godoro ikatupwa. Mahali pake tuliweka sponji ngumu, ile ya mikeka ya kulalia kambini ambayo ukiiminya kwa kidole inarudi polepole na haifyonzi maji. Unene wake ni milimita 13 kote, na mara mbili ya hapo kwenye kipaji cha uso na kisogo. Imewekwa kwa vipande vyenye njia katikati ili hewa ipite. Sponji laini ina udanganyifu mbaya: dukani ukiibonyeza inakufariji, uwanjani inakwisha yote kabla pigo halijakwisha.

Tulirudia jaribio la kiganja. Nilisukuma sehemu ya chini ya grili kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na safari hii kichwa chake kilirudi nyuma pamoja na chapeo, kitu kimoja. Grili haikufika mdomoni. Aliinama, akaruka, akatikisa kichwa, akatazama juu mpaka bati la kisogo likagusa mgongo. Mwisho tukaifunga kwenye kigingi chenye mfuko wa mchanga na yeye mwenyewe akaipiga kwa fimbo yake, kutoka mbele, pembeni na chini, kisha nikakagua kila kiungo tena.

Kuhusu sura yake

Yako malalamiko ya haki kwamba grili kwenye chapeo ya mwaka 1066 ni uzushi. Hakuna Mnormani aliyevaa kitu hicho. Kijana aliumia moyo kwa hili kuliko kwa jino, na tulilijadili kwa muda mrefu.

Njia ya kwanza ingekuwa kuipeleka chapeo mbele kwa miaka mia moja na ushee. Mwishoni mwa karne ya 12 chapeo za Ulaya zilianza kupewa bamba zima la uso lenye nafasi za macho na matundu ya kupumulia, na katika karne ya 13 zikafunga kichwa chote. Bamba la chuma lingekuwa la kihistoria na lingekuwa imara. Alilijaribu kwa kadibodi, akaona anapoteza miguu ya mpinzani kabisa, akaliacha. Njia ya pili ni kuning'iniza deraya ya pete mbele ya uso, jambo ambalo watu wa zamani walilifanya. Lakini pete zinazuia makali tu. Zinafuata umbo la kilicho nyuma yake, na pigo la fimbo linapita kama pazia halipo. Zinafaa kufunika fito ili zisionekane, na uzito wake utakuwa mbele tena. Kioo cha plastiki ngumu nilikikataa mimi, kwa sababu ya ukungu wa pumzi.

Nilichomwambia ni kwamba fito zenyewe si aibu ya zama zetu. Katika karne ya 15, Wajerumani walikuwa na mashindano ya kupigana kwa marungu ya mbao, na kwa mchezo huo walitengeneza chapeo pana zenye grili ya fito mbele ya uso. René, mtawala wa Anjou huko Ufaransa, aliyeandika na kuchorewa maelekezo ya mashindano karibu mwaka 1460, anaonyesha chapeo za grili kwa mapigano ya panga butu na marungu. Watu wale walikuwa na mabamba mazuri ya uso ya kwendea vitani. Walipoingia kwenye mchezo wa kupigana kwa mti, walitaka kuona na kupumua, na shabaha haikuwa kuuana, wakachagua fito. Tatizo lao ndilo tatizo la kijana huyu, na jibu lao ndilo hili. Kinachobaki kuwa kigeni ni kuliweka jibu la 1460 kwenye koni ya 1066, na hilo tulilipunguza kwa rangi. Fito zilizopakwa nyeusi isiyong'aa hupotea mtu akisimama hatua kadhaa, na kwa ndani zinapunguza mng'ao wa jua machoni mwa mvaaji. Ulimi wa pua tukauacha na rangi ya chuma. Ukiitazama kutoka mbali, jicho linaona koni na ulimi.

Isipelekwe wapi

Chapeo hii imetengenezwa kwa fimbo nene. Matundu yake yanakataa kitu cha milimita 25.4, na kitu chembamba kuliko hicho yanakipokea moja kwa moja. Nimemwonya asije akakubali kuivaa kwenye mchezo wa upanga mwembamba, hata kwa kuonyeshana. Mfalme Henri II wa Ufaransa alikufa tarehe 10 Julai 1559, siku kumi baada ya vibanzi vya mkuki wa mbao kupenya uwazi wa chapeo yake na kuingia jichoni kwenye shindano la farasi, na yeye alikuwa na chuma bora kuliko chochote tunachofungua na kufunga hapa karakanani. Mwaka 1982 huko Roma, bingwa wa vitara (mchezo wa kushindana kwa upanga mwembamba) Vladimir Smirnov alifariki baada ya upanga wa mpinzani wake kuvunjika na kipande chake kutoboa wavu wa kinyago. Kifo chake kilisukuma mchezo ule kubadilisha chuma cha panga na kuimarisha vinyago na mavazi. Wavu wa vitara na fito za chuma za kuzuia henzerani ni kinga za hatari mbili tofauti. Wavu ule ungebonyea mpaka puani kwa fimbo ya kijana, na fito hizi zingeuacha upanga mwembamba upite bila kugusa chuma.

Tena grili haizuii ubongo kutikisika. Akipigwa akaona nyota, atoke uwanjani siku hiyo, uso wake uwe mzima au la. Miwani avae ile ya michezo au asivae kabisa.

Mkaguzi aliipitisha kwenye mazoezi yaliyofuata, na kijana ameshapigwa usoni nayo mara nyingi bila fito kufika kwenye ngozi. Mdomo umepona, jino limejazwa. Kinachohitaji kuangaliwa zaidi ni mkanda, kwa sababu ngozi ikilowa jasho inavutika, na mkanda ukilegea sentimita moja nyuma, nafasi ya mdomo inaanza kuliwa. Nimeutoboa matundu ya ziada pande zote nne. Kabla ya pambano la kwanza la siku, mwenzake anamsukuma grili kwa kiganja. Kichwa kikirudi na chapeo, anaingia. Grili ikitembea peke yake, anakaza nyuma kwanza.